Wifi Aliyekonda kwa Saladi

Kwa aliyekosa gazeti la Ijumaa iliyopita, nitamsimulia kwa ufupi, maana aibu haina haja ya kurudiwa kwa urefu.

Naitwa Sabika, mwalimu wa jiografia, mkazi wa Surra hapa Kuwait. Nilikuwa mnene, na sisemi unene wa kupendeza. Nilikuwa na sukari, nilikuwa na presha, nililala na mashine ya kupumulia usoni kama rubani wa ndege za vita, na ngazi za shule zilinifanya nione nyota saa za asubuhi. Daktari aliniambia dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kisu. Nikaenda, nikapunguzwa mfuko wa chakula, hapa hapa mjini, mchana kweupe. Na kila aliyeniuliza nilimwambia.

Hilo la kumwambia kila aliyeuliza ndilo ukoo wa mume wangu haukunisamehe.

Unene wangu waliuvumilia vizuri tu, uliwapa cha kuchekea. Kisu ndicho kilichowaudhi. Mama Hussa, mkwe wangu, alisema nimechukua njia ya mkato, kisha akacheka peke yake kwa jinsi maneno yake yalivyomkolea.

Wiki iliyopita niliwaachia pale mume wangu Mishari aliponitangazia kuwa anaoa mke wa pili. Daktari alikuwa amenikataza kubeba mimba mpaka mwaka na nusu upite tangu upasuaji, na Mishari akasema hawezi kungoja. Miaka yote ya unene wangu alingoja bila neno. Nilipokonda ndipo haraka ikamshika.

Na bibi arusi hakumtafuta mbali. Ni Anfal, mdogo wake Baraki. Na Baraki ni mume wa wifi yangu, Lulwa, dada wa Mishari. Naam, nilikuwa naletewa mke mwenza kutoka nyumba ya wifi, kama vile mtu anavyokopeshwa sufuria na jirani.

Sasa nisikilizeni habari za Lulwa.

Huyu wifi yangu zamani tulikuwa tukikaa sofa moja, na sofa likilalamika. Mwezi wa Februari alikwenda Istanbul kununua mapazia. Alirudi na mapazia, na tangu siku hiyo akaanza kupungua kama barafu iliyoachwa juani. Mashavu yakaenda, kidevu cha pili kikaenda, pete zikawa zinaanguka kwenye sinki.

Walipomuuliza siri, alisema ni kutembea. Kutembea kwenye ile njia ya miguu ya Mishrif, na kula saladi. Akawa anarusha video za viatu vyake vikitembea. Wanawake wakaviangalia viatu vile kama wanaangalia dawa.

Mumewe Baraki, muuza matairi, ndiye aliyezidi. Kila baraza la wanaume alilokaa, kabla kahawa haijapoa, alikuwa ameshawaeleza wenzake nia ya mkewe ilivyo ya chuma. Alikuwa akisema kwamba mwanamke atakayekatwa tumbo ili akonde hawezi kulala nyumbani kwake, kwa sababu mtu asiyeweza kulitawala tumbo lake hawezi kutawala nyumba. Yeye mwenyewe tumbo lake lilikuwa linafika mlangoni kabla yake. Lakini nyani haoni kundule.

Mama Hussa naye akapata methali yake mpya. "Mwenye nia anahitaji miguu tu," alikuwa akisema kila nikiingia. "Asiye na nia ndiye anayehitaji daktari."

Nilikuwa namkubalia kwa kichwa, nakula vijiko vyangu kwenye kisosi.

Ijumaa ninayoisimulia tulikuwa kwa Mama Hussa kama kawaida, chakula cha mchana baada ya sala. Wanaume barazani kwao, wanawake ndani, katikati sinia la machbusi, wali umefunikwa kwa kondoo mzima na zabibu juu. Nilikuja kwa sababu nisingekuja wangesema nimekimbia habari za Anfal.

Lulwa aliingia akishika ukuta.

Nilidhani ni maringo ya viatu virefu. Kisha nikamwona miguu. Alivaa ndala, na alikuwa akiitupa miguu mbali mbali kama mtu aliye ndani ya mashua. Alikaa kando yangu. Macho yake yalikuwa hayatulii. Yalikuwa yanacheza kulia na kushoto, kama anasoma maandishi madogo yanayokimbia.

Akaniuliza mama yangu hajambo. Nikamwambia mama yangu ni marehemu, na yeye Lulwa alikuja matangani. Akasema, "Ah, kweli." Baada ya kitambo akaniuliza tena mama yangu hajambo, na kwa nini hakuja leo kula.

Aliletewa kahawa, akaimimina mapajani mwake badala ya mdomoni. Hakushtuka hata kidogo. Aliitazama tu ile kahawa ikisambaa kwenye nguo, kama si yake.

Mama Hussa alisema mwanawe amepigwa jicho. Jicho la nani, hakutaja. Alinitazama mimi tu, akaamuru ubani uchomwe. Binti wa jikoni akaleta chetezo, na Lulwa akafukizwa mpaka akakohoa, na kukohoa kukaleta kutapika. Hakutapika chakula, kwa sababu hakuwa na chakula ndani. Alitapika maji ya kijani.

Nilimuuliza ametapika kwa muda gani. Mama Hussa akanijibu badala yake, akasema ni wiki kadhaa, ni sumu ndiyo inayotoka, watu wanaokula saladi husafika tumbo. Nikamtazama yule mama. Kuna ujinga unaotia huruma, na kuna ujinga uliovaa dhahabu.

Lulwa aliinuka kwenda kunawa. Hakufika. Alianguka mlangoni, kichwa chake kikagonga kabati la vikombe, na vikombe vikamwagika juu yake.

Tulikwenda hospitali ya serikali kwa gari la Baraki. Mishari aliendesha, Baraki alikaa nyuma amempakata mkewe kichwa, na mimi na Mama Hussa tukabanana pembeni. Njia nzima Mama Hussa alisoma dua, na kila alipofika mahali pa kumlaani hasidi aliongeza sauti.

Daktari wa zamu katika chumba cha dharura alikuwa mwanamke mfupi, Daktari Suad, anavaa raba na haongei zaidi ya anachohitaji. Aliuliza maswali yake moja moja, sukari, presha, mimba, dawa anazokunywa. Sisi wote wanne tulisimama pale kitandani. Nawaomba mkumbuke hivyo, kwamba wote wanne tulikuwepo.

"Amewahi kufanyiwa upasuaji wowote?" aliuliza.

"Mke wangu?" Baraki alijibu. "Huyu hajawahi hata kung'olewa jino."

Mama Hussa akasema watoto wake hawakatwi, huo si utamaduni wa nyumba yake, na akanikazia macho tena ili daktari ajue ni nani mwenye utamaduni huo. Mishari hakusema kitu. Alikuwa anapanga vizuri kilemba chake kwenye kioo cha simu.

Daktari aliwaza kiharusi. Akampeleka kupigwa picha ya kichwa, picha ikarudi safi. Akauliza tena kama kuna jambo lolote la zamani au la karibuni, dawa za kukondesha, safari, chochote. Baraki alisema ni kutembea na saladi tu. Alisema hivyo kwa fahari, mkewe amelala pale hajui ni siku gani.

Nesi akaja kumtundikia dripu ya maji ya sukari, kwa kuwa mgonjwa hajala. Kisha akasema lazima avuliwe nguo zile zilizolowa kahawa na matapishi, avae gauni la hospitali. Wanaume wakatoka. Mama Hussa akasema magoti yake hayamruhusu kuinama, akaenda kukaa nje alie vizuri. Nikabaki mimi na nesi na pazia.

Nesi akaenda kuchukua shuka. Nikamvua wifi yangu nguo.

Nikaviona. Vialama vidogo, vitano, vimetawanyika juu ya tumbo, vya rangi ya waridi bado. Mtu mwingine angedhani ni kuumwa na wadudu. Mimi ninavyo vitano kama hivyo, mahali pale pale. Navijua kwa vidole hata gizani.

Hapo ndipo nilipoyaelewa mapazia ya Istanbul.

Mtaniuliza, na mumewe je, hakuviona? Baraki alikuwa halali na mkewe tangu baridi ya Februari. Lulwa alihamia chumba cha watoto, akisingizia mumewe anavyokoroma. Na Baraki, mtu wa kusimulia nia ya mkewe mbele ya wanaume wote wa Kuwait, hakuwahi kugonga mlango wa chumba cha watoto kuuliza anaendeleaje.

Lulwa akafungua macho. Yalinizunguka bila kunishika.

"Mishari," akaniita.

Nikainama karibu naye.

"Usimwambie Baraki. Mwambie mapazia hayajawa tayari, ndiyo maana tumechelewa." Akavuta shuka. "Mbona yule daktari haji? Ulisema atakuja kila siku."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo tuko wapi.

"Hotelini," alisema, kama ananishangaa. "Chumba si umechagua wewe? Funga dirisha basi. Theluji inaingia."

Nilisimama na lile gauni la hospitali mkononi.

Februari, mume wangu aliniambia anakwenda kuwinda jangwani na kozi wake, yule ndege wa kuwindia, pamoja na rafiki zake. Alirudi bila ndege hata mmoja, mweupe kama jibini, na mafua makali. Nilimpikia supu. Alikuwa akiinywa huku akinieleza kuwa mwanamke aliyekatwa tumbo hana ladha tena, ni kama nyumba iliyobomolewa chumba. Nilimpikia supu ya theluji ya Istanbul, nami sijui.

Sitawadanganya, ninyi mnaonisoma. Kitu cha kwanza nilichohisi ni utamu. Nilimwona Mama Hussa na methali yake ya miguu. Nilimwona Baraki barazani. Nikajiambia, Sabika, toka hapa, kaa kwenye kiti, nyamaza, na waache wale saladi yao.

Kisha nikatazama ile dripu ikidondoka.

Baada ya upasuaji wangu kuna mama mmoja wa lishe pale kliniki aliyekuwa akituweka chini sisi tuliokatwa na kutuonya kama watoto. Alituambia tumeze vitamini zetu kila siku ya maisha yetu. Alituambia tukitapika mfululizo tusikae nyumbani kuona haya, tuje, kwa sababu ubongo unaweza kukauka ukiwa hai. Na akasema, hakikisheni yupo mtu anayejua mmepunguzwa tumbo, ili siku mkiokotwa hamjitambui, awepo wa kumwambia daktari.

Mimi nilikuwa nimewaambia watu wote. Lulwa alimwambia mmoja. Na huyo mmoja alikuwa nje ya pazia, ameegemea ukuta, anachezea simu.

Nikamvalisha Lulwa gauni haraka, nikatoka, nikamfuata Mishari. Baraki alikuwa upande wa pili amemshika mama mkwe wake bega. Nikamwambia mume wangu aende akamwambie daktari.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

"Mwambie ulivyoona theluji."

Nimeishi na yule mwanamume miaka tisa na sikuwahi kumwona akibadilika rangi kwa kasi ile. Hakukana. Hilo nampa. Alitazama kwanza Baraki yuko mbali kiasi gani, ndipo akanijibu kwa mnong'ono. Alisema si hapa, si sasa. Alisema madaktari wenyewe watagundua, ndiyo kazi yao, wamesomea. Alisema Baraki akijua, ndoa ya Lulwa imekwisha leo leo, na heshima ya nyumba yetu imekwisha nayo.

Hakuitaja harusi yake na Anfal. Lakini nilimwona akiihesabu pia. Baraki angempaje dada yake mtu aliyemchukua mkewe kwa siri akampeleka kupasuliwa nchi za watu?

Mara mbili daktari aliuliza, mbele yake. Mara mbili alikiangalia kilemba.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya kaka wa mgonjwa anayesimama mlangoni kukisubiri hicho kifo kije kiumbue kwa niaba yake. Nadhani hawakufikiria kwamba mtu wa namna hiyo atazaliwa.

Nikamwacha nikaenda kwa Daktari Suad. Nilimshika mkono wa koti, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa wake amepunguzwa tumbo Istanbul tangu Februari, na ametapika wiki nyingi, na sidhani kama amewahi kumeza vitamini.

Hakuniuliza nimejuaje. Alinitazama mwili mzima mara moja, akaelewa. Kisha akatembea, si kukimbia, lakini sikuweza kumfikia. Aliifunga ile dripu kwa mkono wake mwenyewe. Alimfunua Lulwa tumbo, akalifunika. Alimwagiza nesi sindano, akaagiza nyingine iandaliwe, na jina la ile dawa lilikuwa vitamini tu, B1, kitu ambacho mtu anaweza kukinunua duka lolote la dawa karibu na mkate.

Aliniambia kwamba mwili wa Lulwa umekaukiwa na vitamini ile, na sukari ikiingia bila yake humalizia kidogo kilichobaki, na kinacholipa ni ubongo.

Nikamuuliza kama atapona.

"Macho huwa yanarudi upesi," alisema. "Miguu huchelewa. Kumbukumbu sikuahidi. Mngeniambia mlipoingia, ningekuahidi zaidi."

Alisema mngeniambia, wingi. Nikaipokea lawama pamoja nao.

Halafu alitoka nje ya pazia, na kwa kuwa alihitaji kujua walichomfanya huko ndani ya tumbo, akauliza waziwazi kama anauliza saa.

"Nani anajua alipasuliwa wapi, na upasuaji wa aina gani?"



Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Mama Hussa. Aliinuka, na magoti yake yale yaliyokataa kuinama yakamsimamisha vizuri kabisa. Alimwambia daktari asinisikilize. Alisema mimi ni mwanamke ninayeletewa mke mwenza na wivu umenila, na sasa nataka kuipaka matope nyumba anayotoka huyo mke mwenza. Kisha akanigeukia.

"Kisu chako kimekunogea," alisema, "mpaka unataka kila mtu awe amekatwa kama wewe."

"Mama," nikamjibu, "nenda kamfunue mwanao shuka. Ukikuta tumbo zima, rudi hapa unitemee mate usoni."

Hakwenda. Miaka tisa nilikuwa sijamjibu hata neno, na siku niliyomjibu hakwenda. Alirudi kukaa, akajifunika uso na baibui. Hapo nikajua kwamba moyoni alikwisha kujua, kama si tangu Februari basi tangu yale matapishi ya kijani. Alitaka tu asionyeshwe.

Baraki alikuwa anatutazama mmoja mmoja, mdomo wazi kidogo. Daktari Suad akamwambia yeye ndiye mume, aje ndani aone mwenyewe, ana maswali ya kumuuliza. Baraki akamfuata nyuma ya pazia, mzito, akivuta viatu.

Alipotoweka tu, Mishari alinishika kiwiko akanivuta mpaka kwenye pipa la maji ya kunywa.

Alikuwa amekwisha kuwaza. Mume wangu si mjinga, mjinga ningemsamehe. Alisema bado tunaweza kulitengeneza. Makovu yale, alisema, yanafanana na ya upasuaji wa nyongo. Niseme tu kwamba Lulwa alitolewa mawe ya nyongo Istanbul ghafla, akaona haya kumtia mumewe wasiwasi, na kwamba mimi nilipoyaona nikayachanganya na yangu. Nyongo si aibu. Nyongo humpata mtu yeyote. Daktari ameshampa dawa yake, nini tena kinahitajika? Mgonjwa anatibiwa, na watu wanalala nyumbani kwao kwa amani.

Nikamuuliza angesema lini, kama mimi nisingesema. Akaniambia tusirudi huko.

"Lini, Mishari?"

Kisha akatoa alichokuwa amekificha kwa mwisho, kama muuza duka anayejua mteja anaelekea mlangoni.

"Sema ni nyongo," alisema, "na Anfal namwacha. Leo. Nakuapia kwa kaburi la baba. Tutangoja huo mwaka na nusu, mimi na wewe, tuzae mtoto wetu."

Mnaweza kunicheka. Miezi yote hii nilikuwa natamani nisikie maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nilikuwa nimeyasikia ndotoni. Nilikuwa nimekatwa mfuko wa chakula ili sukari isiniue, ndiyo, lakini pia ili siku moja mwanamume huyu aniambie neno kama lile. Nikaliona hata jina la mtoto.

Na aliyeniambia alikuwa ananuka manukato yake mazuri, na jasho, na alikuwa akichungulia pazia juu ya bega langu kila baada ya neno.

Kabla sijamjibu, Baraki alitoka nyuma ya pazia.

Kilemba chake kilikuwa mkononi, amekishika kama kitambaa cha kufutia. Nilikuwa nimemdharau Baraki tangu siku ya kwanza ya video za viatu, na nilikuwa nimejiandaa kuendelea. Lakini uso aliotoka nao sikuwa na dharau inayoutosha. Alikuja mpaka tulipo. Mama Hussa akamwita jina, hakugeuka.

"Amenishika mkono," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayesimulia habari za jirani. "Ameniita Mishari. Ameniuliza kama Baraki ameshajua."

Mishari alicheka kidogo, akasema masikini, homa, amechanganyikiwa, mtu aliyechanganyikiwa husema lolote. Akaanza habari za nyongo. Alizianza vizuri, kwa sauti ya daktari, na alipofika katikati akanigeukia ili nizimalizie.

"Si ndivyo, Sabika?"

Baraki naye alinigeukia.

"Shemeji," alisema, "wewe nimekusema vibaya kwenye mabaraza yote ya Surra, na ndiwe peke yako hapa ambaye hujanidanganya leo. Nani alikuwa naye Istanbul?"

Wote wawili walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa ameshika mtoto wangu ambaye hajazaliwa. Mwingine hakuwa na cha kunipa, na kama kawaida yake angenisema tena wiki ijayo. Na Lulwa, ambaye macho yake yalikuwa yanaanza kutulia nyuma ya pazia, angeamka akute nyumba yake imebomoka kwa mdomo wangu. Haya yote niliyaona. Nayasema ili mjue sikusema kwa hasira.

"Februari," nilisema, "mume wangu aliniambia yuko jangwani na kozi wake."

Baraki alimtazama Mishari.

"Mimi," alisema taratibu, "aliniambia anakwenda Umra. Aliniletea maji ya Zamzam."

Hata Mama Hussa alitoa uso nje ya baibui.

Sijui maji yale Mishari aliyachota bomba gani. Nilimwona mume wangu akitafuta uongo wa tatu wa kuuvika ule wa kwanza na wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ghala likawa tupu. Alipokosa cha kumwambia Baraki, akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na ndiye niliyezoeleka. Alininyooshea kidole mbele ya mama yake, mbele ya nesi, mbele ya mzee mmoja mgeni aliyekuja kunywa maji.

"Sabika," alisema, "umeachika."

Akavuta pumzi, akafungua kinywa atamke talaka ya pili, maana zikifika tatu hakuna kurudi.

Kiganja cha Baraki kilikifunika kile kinywa, kiganja kipana cha muuza matairi, na kichwa cha mume wangu kikaegemezwa ukutani taratibu, bila kupigwa.

"Hiyo ni moja," Baraki alimwambia. "Mbili na tatu utasema ukishanijibu mimi."